Bakuli la Mizimu na Magadi ya Baba

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa kibuyu, kabla sijafikia kubebeshwa mtungi, lukolo wetu ulikuwa na bakuli la fedha. Lukolo ndio ukoo, ule wa upande wa mama, maana kwetu Uluguru mtoto ni wa mama yake na shamba ni la mama yake, na baba ni mgeni anayeheshimiwa. Nasema bakuli la fedha kwa kuwa ndivyo tulivyosema wote, kuanzia Bibi hadi vitoto vilivyokuwa havijaota meno. Leo, na mvi zangu hapa Mafiga mjini, naweza kukutofautishia fedha safi na sufuria ya kawaida hata nikifumba macho. Elimu hiyo sikuipata bure. Nusura inigharimu baba.

Kijiji chetu kilikuwa mlimani juu ya mji wa Morogoro, upande ule ambao ukungu huchelewa kuondoka asubuhi. Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Reli ilikuwa imeshafika mjini, na wanaume wa kwetu walikuwa wakishuka kubeba mizigo kisha wakipanda na habari. Mjomba wangu, kifungua mimba wa Bibi na mkubwa wa lukolo, katika ujana wake alimbebea mizigo Mzungu mmoja aliyekuwa akipima milima kwa vijiti na kamba. Mzungu yule alipoondoka alimwachia Mjomba bakuli jeupe alilokuwa akitilia chakula chake mwenyewe. Mzungu hali kwenye kitu cha ovyo, Mjomba alisema, na nani angembishia?

Bibi hakuwa mtu wa kupokea maneno bila kuyapima. Alilichukua lile bakuli akalifukia kwenye tope la kijito, masika yakapita juu yake. Alipolifukua lilikuwa jeupe vilevile. Chuma kingeota kutu, shaba ingefanya ukijani, debe lingetoboka. Bibi akatangaza kwamba chombo cheupe kisichoshika kutu ni cha fedha, na kwa vitu tulivyokuwa tukivijua siku zile alikuwa na haki kabisa. Lilikuwa jepesi mno, ni kweli, jepesi kuliko kata ya kuchotea maji. Hilo nalo lilipata maelezo: wazee waliotangulia walikuwa wamelishika kwa chini, wakisaidia kulibeba. Ukingoni lilikuwa na vitundu viwili, na hivyo vilikuwa midomo ya mizimu. Mtu akishaamini hakosi pa kuegemea.

Tangu hapo bakuli likawa la tambiko. Kabla ya kupanda, Bibi alilijaza maji ya unga wa mtama akaenda nalo makaburini kuwanyunyizia wazee. Hakuna aliyepikia ndani yake wala kulia chakula chenye chumvi. Na watu walilihofu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba fedha haikai na uchawi. Ukitia chakula chenye sumu ya mchawi kwenye chombo cha fedha, chombo hukasirika, kikageuka cheusi. Imani hiyo ilitoka pwani na wapagazi, ikapanda mlima, ikapata makao. Mimi mwenyewe niliiamini kwa moyo wote, na nilikuwa nikipita mbele ya kibanda cha bakuli nikiwa nimeficha mikono mgongoni, nisije nikaonekana nina sumu nisiyoijua.

Baba yangu hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mkaguru, ametokea ng'ambo ya Dumila, akaja kuoa na kulima kwa wakwe kama mila ilivyotaka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya Bibi maneno hayo machache yalikwisha kabisa, kwa kuwa mkwe mwanamume kwetu hakuzungumza na mamamkwe wake uso kwa uso. Wakikutana njiani, Baba aliingia majanini akageuza mgongo mpaka Bibi apite. Wakitaka kuambiana jambo, mjumbe nilikuwa mimi. "Mwambie bibi yako kuni zipo nyuma ya nyumba." Nikaenda hatua chache na kurudi: "Bibi anasema ahsante, na mbona umekata mti wa kivuli?" Baba alicheka kwa pua, na huko ndani nilimsikia Bibi naye akicheka. Nadhani walipendana sana, kwa jinsi wakwe wanavyoweza kupendana bila kuonana.

Mwaka ule Mjomba aliugua. Tumbo lilimjaa, miguu ikavimba, uso ukabaki mifupa. Mganga aliitwa, akasema mgonjwa asile popote ila kwenye bakuli la fedha, ili adui akijaribu kumwongezea aonekane. Basi Bibi akawa anampikia mwenyewe kwa mkono wake, uji mwembamba usio na kitu, na Mama Mkubwa, dada yake Mama, akawa anamlisha. Mama Mkubwa alikuwa amezika watoto wake na mume wake. Kaka huyu ndiye aliyebaki wa kumwegemea, na alikuwa akiuangalia ule uvimbe jinsi mtu anavyoangalia moto unaosogelea nyumba.

Siku zile Baba alirudi kutoka kwao, alikokwenda kuwaona ndugu zake. Njiani alikuwa amekutana na Wagogo wauza magadi, akanunua mfuko mzuri, magadi meupe yasiyo na mchanga. Akanipa.

"Mpelekee bibi yako. Mwambie mlenda utalainika, mgonjwa atapata hamu."

Nikapeleka. Bibi aliramba kidogo kwenye kidole, akatabasamu. "Mwambie baba yako mkono wake usipungukiwe."

Na kweli Mjomba, aliyekuwa ameuchoka uji, aliomba mlenda. Bibi akaupika kwa magadi yale, akautia moto wa kutosha, akampakulia kwenye bakuli. Mjomba alikula matonge mawili matatu akalala. Bakuli likabaki kichwani pake na mlenda wake hadi asubuhi. Mama Mkubwa alipoingia kuliosha, tulisikia yowe.

Nililiona kwa macho yangu. Ndani, kote mlenda ulikofika, ule weupe ulikuwa umekufa, umegeuka rangi ya kijivu iliyokoza hadi nyeusi, mfano wa anga kabla ya mvua ya mawe. Juu ukingoni, mlenda ulikokuwa haujagusa, kulikuwa kweupe kama zamani. Hakuna aliyehitaji kueleza. Bibi ndiye aliyepika, na mama hamlogi mwanawe. Maji yalikuwa ya kijito cha wote. Mlenda ulikuwa wa shamba letu. Kitu kimoja tu kilikuwa kimetoka nje ya lukolo.

"Magadi," Mama Mkubwa alisema. Kisha akasema tena kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma ya nyumba alikokuwa Baba akichonga mpini wa jembe. "Magadi ya Mkaguru."

Wasiojua mila zetu watadhani jambo la kuogopwa lilikuwa kupigwa au kunyweshwa mwavi, ile sumu ya kupimia wachawi. Mwavi ulikuwepo, lakini boma la Mjerumani lilikuwa limeukataza na wazee waliliogopa boma. Adhabu ya mkwe ilikuwa rahisi, na kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mkwe huambiwa aende. Anachukua mkeka wake na jembe lake, anavuka kijito, basi. Mke anabaki kwao. Watoto wanabaki kwa mama yao, kwa kuwa ni wa lukolo, na njia ya kwenda kwa baba yao huota majani. Rafiki yangu mmoja aliyepoteza baba yake namna hiyo alikuwa amekwisha kuisahau sura yake, na hakuwa amenizidi umri.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amesikia yote, ukuta wa udongo hauzuii sauti. Alikuwa ameshika mpini, ameacha kuchonga.

"Baba, waambie si wewe."

"Nimwambie nani? Bibi yako yumo mle."

Ndivyo ilivyokuwa. Mamamkwe alikuwa ndani, na Baba hangeweza kuingia wala kupaza sauti Bibi akamsikia. Na kadiri alivyokaa kimya kwa heshima, ndivyo watu wa lukolo walivyosema: mnaona, hana la kujibu. Mpaka leo, nikisikia mtu anasema kimya ni dalili ya kukiri, damu hunichemka.

Mama alirudi kutoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani, akaambiwa kabla hajautua. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia upesi. Aliutua mzigo, akanawa mikono, akaingia kuliangalia bakuli, akatoka. Jioni, alipokuwa akimenya mihogo, alimwambia Baba, nami nikiwa hapo, maneno ambayo sijayasahau.

"Lile bakuli si fedha."

Baba akasogea karibu.

"Nilikwisha kuliosha kwa majivu mara moja, kabla huyu hajazaliwa, Mama aliponituma. Lilififia mkononi mwangu. Nikadhani mchawi ni mimi. Nikalisugua na mchanga wa mtoni mpaka likarudi. Sikumwambia mtu. Lakini bangili ya Mama nimeisugua kwa majivu tangu utoto na haijanifanyia hivyo hata siku moja. Na magadi yana ukali uleule wa majivu." Akakata muhogo. "Na yule Mhindi wa sokoni mjini akipewa rupia anaigonga juu ya jiwe asikilize, inalia hadi inakera. Bakuli letu ukiligonga linasema tak. Basi."

"Kaka yako ndiye aliyelileta," Baba akasema. "Utamwambia hivyo akiwa mgonjwa?"

"Nitamwambia hivyo akiwa mgonjwa. Akipona nitamwomba radhi."

Bangili aliyoisema ilikuwa ya Bibi, naye aliirithi kwa mama yake, ambaye mumewe alimnunulia Bagamoyo. Ile hapakuwa na shaka ni fedha. Ilikuwa nene, nzito, na asubuhi za baridi ilimchoma Bibi mkononi mpaka akaivua. Bibi hakupenda kuisugua uzeeni, kwa hiyo moshi wa jikoni na jasho viliishika ikawa nyeusi tititi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kusema bangili ile imeonja uchawi. Watu huona kile wanachokiogopa, hawaoni kile wanachokizoea.

Kesho yake jua lilipokwisha kukausha umande, wazee wa lukolo walikusanyika uwanjani. Mjomba alitolewa nje akalazwa juu ya mkeka, ameegemezwa gunia la mpunga. Bakuli liliwekwa katikati. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, mahali pake pa siku zote, na niliona kwamba mkeka wake ulikuwa umekwisha kukunjwa na kufungwa kamba. Kuuona mkeka ule kulinitoa machozi niliyokuwa nimeyazuia tangu jana.

Mama Mkubwa alieleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele. Akamalizia kwa kusema, "Sina ugomvi na shemeji yangu. Lakini huyu ndiye kaka niliyebakiwa naye."

Mama akasimama. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mnitukane pamoja. Dada anasema bakuli limekuwa jeusi kwa uchawi. Mimi nasema limekuwa jeusi kwa magadi."

"Si ndiyo hayo tunayosema!" mzee mmoja akadakia, watu wakacheka kidogo.

"Kwa magadi yoyote, mzee wangu. Yangu, yako, ya yeyote. Bakuli hili halijawahi kutiwa magadi tangu liingie nyumba hii, kwa hiyo hakuna aliyelijua. Na linakataa magadi kwa sababu si la fedha."

Bibi alishika kichwa. Mjomba alifumbua macho pale alipolala. Kusema bakuli si fedha ilikuwa ni kusema mkubwa wa lukolo aliwadanganya wazee wa kaburini, na kwamba matambiko yote yale tulikuwa tukiwanyunyizia kwa chombo cha jikoni.

"Mdogo wangu," Mjomba akasema polepole, "una uhakika na hayo?"

"Ninao, kaka. Nipe ruhusa nikuonyeshe. Ikiwa nimesema uongo, nitakunja mkeka wangu pamoja na wa mume wangu."

Sikuwa nimewaza kwamba naweza kuwapoteza wote wawili. Mjomba akatikisa kichwa kukubali.

Mama alifanya mambo yake kwa utaratibu, kama mtu anayepika chakula cha wageni. Aliligeuza bakuli akalisugua ndani kwa mchanga mpaka weupe ukarudi, na hapo tu minong'ono ikaanza, maana uchawi uliosuguliwa na mchanga ukatoka ulikuwa jambo geni. Kisha akasema, "Dada, naomba magadi ya jikoni kwako." Mama Mkubwa akasita. Lakini angekataa vipi? Akaenda mwenyewe, akaleta kikopo cha udongo, magadi yake aliyoyatumia miaka yote, akayashika hadi dakika ya mwisho ili mtu asiyaguse. Mama akamwomba ayatie kwa mkono wake. Halafu akageukia kwa Bibi.

"Mama, bangili yako."

"Ya nini?"

"Hii tunajua sote ni fedha. Nataka iogee maji mamoja na bakuli. Bangili itabaki ilivyo, bakuli litaharibika. Hapo mtajua kipi ni kipi."

Bibi akaivua kwa shida, ikapita kwenye kifundo cha mkono, akampa. Mama akailaza ndani ya bakuli, juu ya magadi ya Mama Mkubwa, akainua chungu kilichokuwa kikitokota akamimina.

Maji yalichemka kwa povu. Tulisogea sote, hata waliokuwa wakijifanya hawajali. Vipovu vidogo vilikuwa vikipanda kutoka kwenye bangili, mfululizo, utadhani kuna kitu kinapumua chini yake. Kisha ikaja harufu ya yai viza, hafifu lakini ya wazi, na mama mmoja akarudi nyuma akiziba pua kwa kanga. Bakuli lilianza kufifia pembeni, kijivu kikapanda, kikakoza. Hilo Mama alilitegemea. Nilimwona akiinua kidevu.

Kisha bangili ikaanza kuwa nyeupe.

Sijui niseme vipi. Ule weusi wa miaka na miaka, moshi wa mlo na mlo, ulikuwa ukimtoka Bibi kwenye bangili yake bila kuguswa na mkono. Ulianza pale bangili ilipolalia bakuli, ukasambaa. Mama aliitoa kwa kijiti, akaifuta kwa upindo wa kanga, na ikawaka juani kama siku iliyotoka Bagamoyo. Bakuli lilikuwa limebaki jeusi chini yake.

Nilikuwa nikiuangalia uso wa Mama, si bangili. Alikuwa ameshangaa kuliko wote. Alikuwa ameahidi kwamba bangili itabaki ilivyo.

Bibi akapiga vigelegele. Aliipokea bangili kwa mikono miwili, ikiwa bado ya moto, akaibusu, akalia. Mzee mmoja akasema harufu ile ilikuwa ni uovu ukitoka, mwingine akasema na yeye aliuona ukipaa. Mama Mkubwa alikuwa ameduwaa na kikopo chake mkononi. Magadi yalikuwa yake, mkono ulikuwa wake, na bakuli lilikuwa jeusi. Hakuwa na pa kwenda na tuhuma yake.

Ndipo Mjomba akaomba ainuliwe akae. Nimewajua watu wengi wenye akili tangu siku ile, ila sijaona aliyetatua shauri kwa maneno machache hivyo.

"Mdogo wangu amesema kweli," akasema, "na mimi sikusema uongo. Wazee walikuwa wakikaa humu bakulini. Wamehama, wameingia kwenye bangili ya mama, mahali palipo pao. Nyumba iliyohamwa haikosi masizi. Magadi ya shemeji yamewafungulia mlango tu." Akapumzika, akahema. "Mwambieni aukunjue mkeka wake."

Mimi ndiye niliyekwenda. Nilikimbia nikajikwaa, nikaanguka mbele ya Baba nikiwa nimejaa vumbi, na ule ujumbe wote ulinitoka kwa neno moja tu: "Ukunjue!" Baba alinishika mabegani akaniinua. Halafu akainama kuifungua kamba, na alikuwa ameikaza sana hata ikabidi nimsaidie.

Usiku ule nilimuuliza Mama kwa nini hakuwaambia kwamba hakuna mizimu iliyohama, kwamba yeye alikuwa amesema vingine kabisa.

"Nilisema bakuli si fedha. Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Nilisema mume wangu hakuloga. Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Basi na wao wana lao la kusema. Hata mimi ile bangili sijui ilifanyaje." Akanifunika. "Lala."

Mjomba hakupona. Alikaa nasi mpaka mpunga ukavunwa, akatutoka. Nilipoona wanawake wanalia nilijua kwamba sasa watu watatafuta wa kumtupia, nikamshika Baba nguo nisimwachie. Lakini hakuna aliyemtazama vibaya. Mjomba mwenyewe alikuwa amekwisha kusema kwa mdomo wake. Baada ya mazishi Mama Mkubwa mwenyewe alinipa sahani ya wali na kuku. "Mpelekee baba yako. Amekesha na sisi." Alikuwa na macho mekundu na sauti ya upole. Sijamchukia Mama Mkubwa. Aliogopa, na mwenye hofu humkamata aliye karibu.

Kuhusu bakuli nilipata jibu vita vilipokuja, Mjerumani akiwa bado hajaondoka. Askari walipiga kambi bondeni, na sisi wasichana tulipelekwa kuwauzia ndizi. Mpishi wao alikuwa na masufuria meupe, mepesi, yanayoingiana, la kubwa likimeza la dogo, na kila moja lilikuwa na kifuniko chenye mkono wa kushikia, umepigiliwa kwenye vitundu viwili ukingoni. Mkono wa kifuniko kimoja ulikuwa umeng'oka. Nilikitazama kile kifuniko hadi mpishi akadhani nataka kukiiba. Miaka yote ile tulikuwa tukiwanyunyizia wazee wetu kwa mfuniko wa sufuria. Nilipomsimulia Mama alicheka akakaa chini, akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akanishika mkono akasema, "Bibi yako asijue." Bibi hakujua. Alikuwa akitambika kwa bangili siku hizo, na mvua zilinyesha kama kawaida.

Na ile bangili nimekuja kuielewa mwenyewe jikoni. Masufuria yale meupe sasa yamejaa madukani, na wanayaita ya alumini. Tia maji ya moto na magadi, laza fedha iliyosawijika iguse chini, na weusi utaihama fedha, na sufuria ndiyo itakayofifia. Inafanya hivyo kila mara, ikiwa na mizimu au bila mizimu. Mabibi harusi wa Mafiga huniletea vikuku na pete za mama zao, nami huwatakatishia wakisubiri. Ambaye kikuku chake hakitakati wala hakitoi harufu ile namwambia ukweli bila kumzungusha: mwanangu, hiki si fedha, lakini mume aliyekupa anaweza akawa wa kweli.

Baba aliishi kwetu mpaka mwisho. Alilima shamba la lukolo, akazaa wadogo zangu, akazeeka, na alipofariki wazee wa upande wa mama walikubali azikwe mlimani kwetu, jambo ambalo kwa mtu wa kutoka nje halikuwa dogo. Wajukuu wanapokwenda kupalilia kaburi huniuliza kama ni kweli mizimu ilimtetea babu yao. Wamelisikia hilo kwa ndugu zao wa mlimani, linasimuliwa hadi leo, tena kwa utamu.

Nawaambia aliyemtetea ni mke wake. Alisimama peke yake mbele ya watu wazima akasema alilolijua, na aliweka mkeka wake mwenyewe juu ya maneno yake. Hilo nataka walishike. Wakitaka kuwashukuru na wazee wa kaburini siwazuii, maana hata Mama, siku ile, hakuwazuia.